Kigimbi kinaniuma

SWALI: Shangazi, najiandaa kwa marathoni. Nakimbia kilomita nane ufukweni Shela, kisha narudi kwa mashua. Kigimbi cha kushoto, upande wa bahari, chaniuma hadi usiku. Niache? – Msomaji, Lamu

JIBU: Usiache, mwanangu, acha mchanga mkavu. Unazama, kisigino kinashuka, kigimbi ndicho kinacholipa. Subiri maji yanapokupwa ukimbie penye mchanga mgumu. Na ufuo umeinama! Rudi kwa miguu njia ileile, mzigo uhamie mguu wa pili. Mimi nilipuuza, nikachechemea wiki mbili, punda wakinipita.

Ila marathoni ni kilomita 42.195, na kwa kawaida ni lami. Mwanariadha wetu Kelvin Kiptum aliikimbia kwa saa 2:00:35 Chicago mwaka 2023, barabarani. Mara moja kwa wiki vuka hadi Mokowe, bara, uzoeshe miguu lami.