Pazia la Vignacourt

SWALI: Mzee wa Majibu, shikamoo. Naona picha za askari wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza, Wahindi, Waaustralia, na nyuma yao pazia lile lile lililochorwa. Ilikuwa studio ya jeshi?

JIBU: Marahaba. La, ilikuwa ya mke na mume, Louis na Antoinette Thuillier, kijijini Vignacourt, kaskazini mwa Ufaransa. Kijiji kilikuwa nyuma ya uwanja wa mapigano wa Somme, askari wakija kupumzika. Walilipia picha zichapwe kama postikadi, wawapelekee jamaa zao nyumbani. Hakuna jenerali wa kujitutumua hapo. Mimi hutazama mabuti kwanza: wengine wametoka mahandakini na matope yao, kofia imekaa upande, na bado wanajikaza waonekane wazima mbele ya mama aliye mbali.

Vioo vya picha hizo (negativu za kioo, ambazo picha huchapwa kutokana nazo), karibu 4,000, vilikaa darini kwenye masanduku hadi 2011. Vya Waaustralia, kama 800, vilipelekwa Canberra, mji mkuu wa Australia. Pazia lenyewe nalo lilipatikana! Majina ndiyo shida. Wengi bado hawajatambuliwa.