Kula mimea tupu msimu wa makongamano

Pole kwa safari za mfululizo, Mwalimu. Umesema huli chochote kitokanacho na mnyama, na kwamba kwenye makongamano unaishia saladi na chipsi, kisha ukirudi chuoni mgahawa una hayo hayo.

Anza na fomu ya kujisajili, ila usiandike "sili nyama" ukaishia hapo. Utaletewa wali wa siagi, au supu ya dengu iliyopikwa kwa mchuzi wa mifupa, na mpishi hatakuwa na kosa. Taja vyote: nyama, samaki, maziwa, jibini, mayai, asali. Halafu andika unachokula, maana hicho ndicho kinachomsaidia zaidi: maharage, dengu, njegere, tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa), mafuta ya mimea. Wiki moja kabla, waandikie tena waandaaji. Taarifa hizi hupotea sana kati ya kamati na jikoni.

Saladi haikushibishi kwa kuwa haina protini ya kutosha, basi beba karanga au dengu za kukaanga. Siagi ya karanga weka kwenye begi kubwa unalokabidhi, si la mkononi; viwanja vingi vya ndege huihesabu kama kimiminika, na ikizidi mililita 100 inachukuliwa.

Kahawa na chai za mapumziko hupunguza ufyonzaji wa madini ya chuma, kwa hiyo zisogeze mbali na mlo. Na vidonge vya vitamini B12, ambayo mimea haikupi, usiviache nyumbani, tafadhali.

Chuoni, zungumza na mpishi mwenyewe. Nenda na wenzako wanaotaka chakula cha mimea; sufuria ya maharage hupikwa ikiwa walaji wapo.