Ukuta unatoa chumvi na nyumba inauzwa: tupake rangi, tubandike marumaru au tubomoe plasta?

SWALI: Tuna nyumba ya vyumba vitatu Tegeta, Dar es Salaam, tuliyoijenga mwaka 2008 kwa tofali za saruji za inchi sita. Tumeamua kuiuza. Kuta mbili za sebuleni na moja ya chumba cha watoto zinatoa chumvi, rangi inapukutika kuanzia sakafuni hadi usawa wa soketi. Dalali anasema tupake rangi, wateja wapo. Mnunuzi wa kwanza alikuja na fundi wake. Fundi akavuta kochi, akagonga ukuta, wakaondoka na simu hawajapiga tena. Tufanye nini? Na fundi wa mnunuzi huwa anaangalia nini kingine?
Msomaji, Tegeta

JIBU: Rangi iwe kazi ya mwisho, na marumaru yasiingie kabisa kwenye mpango huu. Ukiupaka rangi ukuta unaovuta maji, chumvi itatokeza tena baada ya wiki chache, na masika yakikuta nyumba haijauzwa itatokeza mapema zaidi. Rangi ya mafuta ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inaziba uso wa ukuta na maji yanatafuta pa kutokea juu yake. Ndivyo inavyokuwa kwa marumaru: ukiyabandika hadi mita moja, baada ya msimu mmoja wa mvua utaona mstari mpya wa chumvi juu ya marumaru, na hapo umeongeza gharama ya kuyabandua.

Kuna na upande wa sheria, ambao madalali wengi hawausemi. Sheria ya Mikataba ya Tanzania inahesabu kuficha kasoro kwa makusudi kuwa ni udanganyifu, na aliyedanganywa anaweza kuomba mkataba ubatilishwe. Kulipwa pesa leo na kudaiwa mahakamani mwakani si biashara.

Sasa chanzo. Tofali la saruji lina vitundu vidogo sana, na maji ya ardhini hupanda ndani yake kama mafuta ya taa kwenye utambi. Kinachotakiwa kuyazuia ni dipisii, ile nailoni nene au tabaka la lami linalotandazwa juu ya msingi kabla ya kupanga tofali la kwanza la ukuta. Ikiachwa, ikitobolewa, au ikifunikwa na udongo na plasta ya nje, maji yanapita. Yakifika kwenye uso wa ukuta yanakauka na kuiacha chumvi, nayo inaota fuwele nyuma ya rangi na kuisukuma mpaka ibanduke. Chumvi yenyewe inatoka ardhini, kwenye mchanga wa baharini, au kwenye maji ya kisima cha chumvi yaliyotumika kuchanganya zege na kufyatua tofali, jambo la kawaida ukanda wetu wa pwani.

Maji ya ardhini kwa kawaida hayapandi zaidi ya mita moja hivi. Kwenu yameishia usawa wa soketi, kwa hiyo dalili zinaelekea huko, lakini msibomoe kabla ya kuhakikisha. Kata kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, kwangua rangi iliyolegea, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne na ukiache siku mbili. Umande ukiwa nyuma ya nailoni, maji yanatoka ndani ya ukuta. Ukiwa upande wa chumbani, tatizo ni hewa yenye unyevu na chumba kisichopitisha upepo. Hapo dawa ni madirisha, si nyundo.

Kisha ondoeni shaka ya bomba. Fungeni koki zote, hakikisheni tanki limejaa na floti imeziba, halafu piga picha dira ya maji. Rudi baada ya nusu saa. Namba zikiwa zimesogea na hakuna aliyefungua maji, kuna bomba linavuja, na kama linapita kwenye mojawapo ya kuta hizo anzeni hapo. Chunguzeni pia nyuma ya ukuta wa chumba cha watoto: kama upande wa pili ni bafu, mara nyingi ardhi inasingiziwa tu, na wakosaji ni viungo vya marumaru vilivyofumuka na bomba la kutolea maji lililoachia.

Nje ndiko kazi inakoanza, na ni kazi ya bei ndogo kuliko ya ndani. Usawa wa ardhi unatakiwa uwe angalau sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani. Nyumba iliyojengwa 2008 huwa imeshaongezewa kifusi, bustani na pevingi hadi ardhi ikalingana na sakafu au kuipita. Chimbeni mshushe. Ondoeni bustani iliyoegemea ukuta, kwa sababu kila jioni inapomwagiliwa ni ukuta unaomwagiliwa. Pevingi iwe na mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea mbali na nyumba. Mfereji wa bati unaomwaga maji miguuni pa ukuta upewe bomba la kuyapeleka mbali, mita mbili au zaidi, au yaingie kwenye mtaro.

Baada ya hapo ingieni ndani. Bomoeni plasta hadi sentimita 40 juu ya alama ya mwisho ya chumvi, si hadi kwenye alama yenyewe, maana chumvi imeshatangulia juu kuliko jicho linavyoona. Kwangueni viungo vya tofali kina cha sentimita moja. Pigeni brashi kavu na mzoe vumbi mkalitupe nje. Msioshe kwa maji: chumvi inayeyuka na kurudi ndani ya tofali, kazi yote imepotea. Kama dipisii haipo, fundi mzoefu anaweza kutoboa safu ya matundu ya milimita 12 kwenye kiungo cha tofali sentimita 15 juu ya ardhi ya nje, kila baada ya sentimita 12, na kuingiza dawa ya silikoni inayozuia maji kupanda. Asiyewahi kuifanya kazi hiyo asijifunzie kwenu.

Halafu kuna kusubiri, na hapa ndipo wauzaji wengi wanapoharibu. Kanuni ya kukadiria ni mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene wa ukuta, kwa hiyo ukuta wa inchi sita unaweza kudai nusu mwaka ndipo ukauke moyoni. Kiangazi cha Juni hadi Septemba, madirisha yakiwa wazi, ndicho kipindi kizuri. Rudieni kipimo cha nailoni; ikikaa siku mbili bila umande nyuma yake, pigeni plasta.

Plasta iwe saruji moja kwa mchanga nne, yaani mfuko wa kilo 50 kwa ndoo 7 za lita 20, mchanga wa mtoni uliooshwa, maji ya bomba na si ya kisima cha chumvi, pamoja na dawa ya kuzuia maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chombo chake. Kwa unene wa milimita 15, mfuko mmoja unatosha mita za mraba 8 hivi. Kuta zenu tatu, zikiwa na urefu wa mita nne kila mmoja na plasta ya kimo cha mita 1.3, ni kama mita za mraba 16: mifuko miwili. Simamia jambo moja kwa macho yako: plasta isiguse sakafu. Iachwe sentimita mbili au tatu, pengo lifunikwe na sketi, ule mkanda unaobandikwa chini ya ukuta, kwa sababu plasta iliyoshikana na sakafu inakuwa daraja la maji kupanda upya. Mwagilia plasta siku saba, iache wiki nne, kisha paka rangi ya maji.

Kama hamna miezi hiyo, uzeni na kasoro yake mkiwa wazi. Fanyeni kazi ya nje yote, bomoeni plasta, acheni ukuta wazi, msafi, bila rangi, na muwe na makadirio ya maandishi ya fundi kwa kazi iliyobaki. Mnunuzi akijua chanzo na gharama, atakata kiasi hicho kwenye bei. Asipojua, atakata mara tatu yake, au ataondoka kimya kama yule wa kwanza.

Fundi wa mnunuzi hataishia ukutani. Atapanda darini, kwa hiyo ondoeni masanduku yaliyoziba mlango wa dari na mtafute ngazi. Huko anatafuta mwanga unaopenya kwenye bati, njia za udongo za mchwa kwenye kenchi, na mbao zilizobadilika rangi. Atachoma fremu za milango kwa bisibisi, hasa sehemu inayogusa sakafu. Ikizama kirahisi, ndani kuna mchwa au uozo. Kama dari la jipsamu lina mduara wa kahawia, msilipake rangi ya maji juu yake, doa litarudi. Zibeni kwanza bati: mwagieni paa kwa mpira wa maji mkianzia chini kwenda juu, dakika kumi kila sehemu, mwenzako akiwa darini na tochi, mpaka mjue tone linapoanzia. Kisha doa lipakwe praima ya mafuta ndipo rangi. Nyumba zenye paa lililofichwa nyuma ya ukuta zinavuja zaidi kwenye mfereji wa ndani, na mara nyingi ni majani yameziba tundu la kutokea maji.

Nyufa atazipima. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta ni wa kawaida. Ufa wa mshazari unaotoka kwenye kona ya dirisha, unaofuata viungo vya tofali kwa ngazi, au unaopita milimita 5, ni swali la msingi. Msiuzibe. Chora mstari mdogo wa penseli kwenye ncha zake zote mbili, andika tarehe, piga picha pamoja na rula. Picha za miezi mitatu zinazoonyesha ufa haujasogea zina nguvu kuliko maneno yoyote ya dalali.

Kwenye umeme atabonyeza kitufe cha majaribio cha kile kifaa cha kukata umeme kwenye mein swichi. Kisipokata, mwiteni fundi mwenye leseni akibadilishe na aangalie nondo ya ethi. Chooni, tia matone ya rangi ya chakula kwenye tanki la kuflashi na usubiri dakika 20 bila kuvuta. Rangi ikitokea kwenye bakuli, mpira wa ndani umekwisha, na ni kitu cha bei ndogo sana kuacha kikuharibie picha ya nyumba. Mifuniko ya chemba na karo ilegezwe mapema, na karo likikaribia kujaa lifyonzwe, risiti itunzwe.

Siku ya kuonyesha nyumba, fungueni madirisha saa mbili kabla. Msifukize udi wala kupuliza manukato. Mgeni mwenye uzoefu akikuta harufu kali anaanza kutafuta ukungu unaofichwa. Muwe na yuniti za LUKU na maji kwenye tanki, kila taa iwake, kila ufunguo uwe kwenye kitasa chake, samani zisogezwe nusu mita kutoka ukutani ili asihitaji kuvuta kochi. Mtu mmoja tu wa familia awepo, anayeijua nyumba, anayejibu akiulizwa na kunyamaza asipoulizwa. Daftari la wageni ni muhimu, jina na simu, hasa dalali anapoleta watu usiowajua. Vitu vya thamani na hati halisi visiwepo ndani siku hiyo.

Hati: toeni nakala tu. Mnunuzi makini atafanya upekuzi ofisi ya ardhi, kwa hiyo lipeni kodi ya pango la ardhi na mshike stakabadhi kabla hajaenda. Kama ni nyumba ya ndoa, ridhaa ya mwenza inahitajika hata kama jina kwenye hati ni la mmoja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema hivyo, na mauzo mengi yamekwama hapo. Kwa mkazi wa Tanzania, kodi ya ongezeko la mtaji ni asilimia 10 ya faida, na faida inahesabiwa baada ya kutoa gharama zenye ushahidi. Kwa hiyo fundi na duka la saruji wote wakupe risiti, tangu mfuko wa kwanza wa plasta hiyo.