Muulize Fundi: Gemu 15,000 za Nini?

Tangu shule zifungwe barua zenu zimekuwa za kitu kimoja: vigemu vya mkononi vinavyochezesha michezo ya zamani, ile ya Game Boy, Sega na PlayStation ya kwanza. Hata hapa mezani kwangu, Mtaa wa Aggrey, vinaletwa kila siku, vingine nailoni ya kioo haijabanduliwa na tayari vimegoma. Kwa hiyo mwezi huu ni hivyo tu. Walioniuliza kuhusu pasi za mvuke, mnivumilie.

Dada fundi, habari za kazi? Mwanangu ana miaka tisa, nikirudi tu nyumbani ananinyang'anya simu. Kila gemu ina matangazo na bando haifiki wiki. Kariakoo nimeoneshwa kigemu, muuzaji anataka laki na nusu, anasema kina gemu 15,000 ndani. Ninunue? — Mama wa mtoto mmoja, Morogoro

Nzuri, dada. Nunua, ila hiyo 15,000 isikupandishe bei hata shilingi. Tetris ya Game Boy, iliyotoka mwaka 1989, ni kilobaiti 32. Picha moja ya send-off uliyotumiwa kwenye WhatsApp inaizidi mara kadhaa. Kujaza kadi ya kumbukumbu kwa gemu za namna hiyo hakumgharimu mtu chochote, na ndiyo maana wanazijaza hovyo. Fungua orodha uone mwenyewe: mpira uleule upo kwa Kijapani, upo wa Marekani, upo wa Ulaya, halafu upo ambao mtu kabadilisha rangi za jezi tu. Ukishuka chini unakuta zile za mashine kubwa za sarafu za kwenye kumbi za michezo. Unabonyeza, kioo kinakuwa cheusi, unarudishwa kwenye orodha. Na humohumo zimo za damu na bunduki ambazo hutapenda mtoto wa miaka tisa azikute akiwa peke yake chumbani. Mimi wateja wenye watoto huwa naketi nao, tunabakiza ishirini hivi, nyingine zote nafuta.

Sasa kifaa chenyewe. Kimojawapo cha bei ya chini siku hizi ni R36S. Si kibaya, kina chipu ya RK3326 na kioo cha inchi 3.5, lakini kimeigwa mno. Kwa nje utaapa ni kilekile, ukifungua unakuta bodi nyingine kabisa, na siku ukitaka kukibadilishia mfumo, yaani programu kuu inayokiendesha, kinakataa. Kwa mtoto wako ningechukua Miyoo Mini Plus au Anbernic RG35XX Plus. Vyote vinashikwa wima kama Game Boy, vinaingia mfuko wa kaptula. Vyote viwili havina vijiti vya kuzungusha kwa kidole gumba; usihuzunike, gemu za umri wake hazivihitaji. Anbernic ina nguvu zaidi, ila nguvu hiyo ataitafuta akiwa mkubwa.

Kioo cha vyote vitatu ni nukta (vidoti vinavyochora picha) 640 kwa 480, na hapo usikubali kubabaishwa na muuzaji mwenye kioo "kikali zaidi". PlayStation ya kwanza ilichora gemu zake nyingi kwa 320 kwa 240. Zidisha kwa mbili, inakaa kamili, kila nukta ya zamani inakuwa nukta nne mpya bila ukungu.

Ukiwa palepale dukani, kabla hujatoa pesa, fanya hivi. Fungua gemu ya magari ya PlayStation, usikilize muziki. Ukikatakata, chipu haifai au kadi ni mbovu. Kaza mshale wa kulia, halafu ukiwa bado umekaza ongeza wa juu: mhusika aende mshazari, asirukeruke. Bonyeza vitufe vya begani, vile vya ukingo wa juu, maana ndivyo vinavyokufa kwanza na ndivyo ambavyo hakuna anayevijaribu. Zima, washa tena. Chomeka chaji uone taa. Muuzaji akinuna, duka la jirani lipo.

Bando huhitaji. Matangazo hakuna. Na hizi gemu zinaisha, jambo ambalo la kwenye simu halitaki litokee.

Shikamoo fundi. Nina R36S mpya. Natumia chaja ya simu yangu, waya wake una kichwa cha aina ya C pande zote mbili. Taa haiwaki kabisa. Niliporudi dukani wameniambia betri imekufa, ninunue nyingine. — Kijana wa Mwanza

Marahaba. Usinunue kitu. Tafuta waya wa zamani, wenye kichwa kipana cha USB upande wa chaja na C upande wa kigemu, chomeka kwenye chaja yoyote ya kawaida au hata nyuma ya TV. Nina hakika itawaka.

Chaja za C kwa C haziachii umeme mpaka zione upande wa pili kuna rezista za kilo-ohmu 5.1 zinazosema "mimi ni wa kupokea". Watengenezaji wa vigemu vya bei ya chini huziacha hizo rezista mbili, vitu vidogo kuliko punje ya ufuta, ili kuokoa senti. Chaja ya kichwa kipana haiulizi. Inatoa volti tano moja kwa moja. Ukitaka niziweke, naziweka, lakini kwa nini ulipe ufundi wakati waya huo umejaa droo za kila nyumba?

Fundi, hujambo? Kigemu changu kikiwaka kinaishia kwenye nembo tu. Nilikuwa nimefika mbali sana kwenye Final Fantasy VII, karibu nilie. Kuna njia ya kuokoa? — Msomaji wa Mombasa

Sijambo, ndugu yangu, na pole. Usikiwashe tena. Kila unapokiwasha kinajaribu kuandika kwenye kadi, na kadi ndiyo mgonjwa. Kadi zinazokuja ndani ya boksi ama hazina jina ama zina jina la kuibia. Mimi nikipokea kigemu kipya cha mteja, jambo la kwanza ni kuitoa na kuweka nyingine, kabla hata hajacheza.

Chomoa kadi, iweke kwenye kisoma-kadi cha kompyuta. Ikisoma, hata kwa kusuasua, nakili kwanza mafaili yako ya kusevu, gemu baadaye. Yapo ya aina mbili. Yanayoishia na .srm ni yale uliyosevu ndani ya gemu yenyewe, kwenye ile sehemu ya kusevu ya Cloud, shujaa wa Final Fantasy VII, na wenzake. Yenye .state ni picha ya papo kwa papo uliyoipiga kwa kubonyeza vitufe viwili. Ya kwanza yanahamia kifaa kingine bila maneno. Ya pili hugoma mara nyingi ukibadilisha toleo la programu. Kwa gemu ya saa nyingi kama yako, usitegemee .state peke yake.

Kadi mpya nunua kwenye duka utakaloweza kulirudia, kisha usiiamini mpaka uipime. Kwenye Windows kuna H2testw, kwenye Linux na Mac kuna F3, zote za bure. Zinaijaza kadi mpaka pomoni halafu zinasoma kila kilichoandikwa. Kadi feki ya GB 128 ambayo ndani ni 16 inaumbuka hapo. Inachukua muda, nenda kapike wali. Vigemu vingi, R36S ikiwemo, vina matundu mawili ya kadi, moja la mfumo na moja la gemu. Yatumie yote mawili, ili mfumo ukiharibika gemu na sevu zako zibaki salama upande wa pili.

Halafu kuna tabia moja nawaona nayo wengi: mnazima kwa kukandamiza kitufe mpaka kife. RetroArch, ambayo ndiyo inayoendesha gemu kwenye vingi vya vifaa hivi, mara nyingi haiandiki ile .srm kwenye kadi mpaka utoke kwenye gemu kwa utaratibu. Umesevu, umeona imesema imesevu, umezima kibabe, kwenye kadi hakuna kitu. Ingia kwenye mipangilio ya kusevu, washa kujihifadhi kila baada ya sekunde kadhaa. Hata hivyo, zima kwa menyu.

Assalaam alaykum. Nina Game Boy ya kijivu niliyonunuliwa na marehemu baba nilipokuwa skuli. Inawaka na sauti ipo, lakini kioo kimepoteza mistari ya kusimama, na chumba cha betri kina unga wa buluu na mweupe. Fundi wa huku ataka kuniuzia kioo kipya chenye taa. — Msomaji wa Maskati

Waalaykumu salaam, kaka yangu. Barua hii niliisoma kwanza kuliko zote. Usikubali kioo kipya, bado.

Huo unga ni betri za alkali zilizovuja. Chovya kijiti cha pamba kwenye siki nyeupe, sugua vyuma. Itatoa povu kidogo, ni kawaida. Ikitulia futa kwa spiriti ya isopropili, acha ikauke vizuri. Chuma kikiwa kimeliwa kabisa, vipya vinauzwa.

Mistari ya kusimama ni ugonjwa wa kizazi chote cha Game Boy. Chini ya kioo kuna utepe mwembamba uliobandikwa kwa gundi ya joto, na kila waya wa utepe ule unalisha mstari mmoja wa nukta. Gundi imezeeka, nyaya zimeachia. Utahitaji bisibisi ya mabawa matatu kwa skrubu za nje, ya nyota kwa za ndani. Nusu mbili za Game Boy zimeunganishwa kwa utepe mwingine, kwa hiyo zifungue kama kitabu, usizivute. Ukifika kwenye kioo, ondoa kipande cha mpira kilichokalia utepe wa chini. Weka chuma cha solda kwenye joto la chini, washa Game Boy ikiwa wazi vilevile, upitishe ncha juu ya ule utepe taratibu, ukienda na kurudi bila kukandamiza. Utaona mistari inarudi mmoja mmoja. Ikirudi yote, acha, usitafute uzuri zaidi. Kama mistari iliyopotea ni ya kulala, hapo utepe ni wa pembeni na ni dhaifu. Mpe mtu mwenye mkono.

Kuhusu kioo chenye taa: kizuri usiku, lakini kinakula betri. Gunpei Yokoi na wenzake wa Nintendo, walioitengeneza Game Boy, hawakukosa rangi kwa kutojua. Walichagua kusudi teknolojia iliyokwisha zoeleka na iliyoshuka bei: rangi nne za kijanikijani, hakuna taa, betri nne za AA zinazodumu saa zaidi ya kumi. Mwaka 1990 Sega wakaja na Game Gear, rangi tele, taa ndani, betri sita, na baada ya saa chache unatafuta duka. Game Boy pamoja na ndugu yake wa rangi, Game Boy Color, ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Tena kioo chako kile cha asili hakihitaji kivuli: toka nacho kwenye jua la Maskati saa sita mchana, utakiona vizuri kuliko simu yoyote.

Hizo gemu zilizojazwa humo ni halali? — Mwalimu, Tanga

Kwa sehemu kubwa, si halali, mwalimu, na muuzaji anajua. Gemu kuwa ya zamani hakufuti mwenyewe. Hapa kwetu ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kampuni nyingi bado zinauza gemu zao za miaka ile. Kifaa chenyewe hakina kosa. Tatizo ni kilichomo kwenye kadi. Zipo ambazo waandishi wake wamezitoa bure: jaribu Tobu Tobu Girl, imetengenezwa kwa ajili ya Game Boy mwaka 2017, si 1989, na ni ngumu kweli.

Shikamoo. Niko kidato cha tatu. Baada ya kucheza hizi gemu natamani kutengeneza yangu, ya Kiswahili. Sijui kuandika kodi za kompyuta. Inawezekana? — Msichana wa Arusha

Marahaba, mwanangu. Inawezekana na hutalipa kitu. Tafuta GB Studio, programu ya bure ya Windows, Mac na Linux. Unapanga vyumba, wahusika na matukio kwa kuchagua kwenye menyu, na mwishoni inakutolea faili ambalo kigemu chochote cha hapo juu kitalifungua, na hata Game Boy ya yule kaka wa Maskati ukiwa na kaseti ya gemu ya kuandikika.

Usianze na dunia nzima. Anza na kituo kimoja cha daladala: konda, abiria watatu, begi limepotea. Kioo ni nukta 160 kwa 144, rangi nne, basi. Michoro ichore kwa vipande vya nukta nane kwa nane. Kiswahili hakitakusumbua kwa herufi, hata fonti inayokuja nayo inatosha, ila kitakusumbua kwa upana: boksi la maneno linabeba herufi 18 kwa mstari, na vitenzi vyetu virefu vinavuka kabla hujaweka nafasi. Andika mazungumzo yako kwanza kwenye daftari la hesabu, herufi moja kila kijumba, ukate mstari kwenye cha 18. Ukimaliza hata chumba kimoja, tuma faili ofisini kwa gazeti, watanifikishia. Nitalicheza na nitakuambia konda wako ana maneno au hana.