Fundi Mpime kwa Nyumba Iliyokwishanyeshewa

Mvua za masika zimekatika na barua nyingi mlizoniletea ni za ujenzi. Nazijibu chache, maana pesa ya nyumba kwa wengi wetu ni ya miaka mingi, na ikipotea ndiyo basi tena.

Fundi amenionyesha picha nzuri za kazi zake kwenye simu, na bei yake nafuu. Nimpe? (Mama, Fuoni)

Bado. Nyumba yoyote iliyopakwa rangi jana hupendeza. Mwambie akupeleke kwenye nyumba mbili ambazo alizimaliza masika mawili nyuma. Mkifika, yeye abaki barazani, wewe ingia uzungumze na mwenye nyumba. Pesa mliyokubaliana ndiyo iliyomaliza kazi? Alikuwa akija kila siku, au ana majengo matatu kwa mpigo? Ulipomwita kurekebisha, alikuja?

Kisha tumia macho yako. Ufa wa mshazari unaoanzia pembe ya dirisha huashiria linta mbovu (mhimili wa zege juu ya dirisha) au msingi uliotitia. Rangi inayomenyuka chini ya ukuta ni unyevu unaopanda. Shika pia ukuta wa chumba kinachopakana na choo. Ukiwa baridi na majimaji, bomba lilifungwa ovyo.

Akikosa hata nyumba moja ya kukupeleka, mshukuru na umwache. Na hiyo bei nafuu, ni nafuu kuliko ya nani? Andika orodha moja ya kazi, uwape mafundi watatu orodha hiyo hiyo, ndipo ulinganishe.

Niko Muscat, kaka yangu ndiye msimamizi. Fundi anataka nusu ya pesa zote kabla ya kuanza. (Msomaji)

Usimpe, ndugu yangu. Akishashika nusu na hajachimba hata msingi, wewe ndiye utakayembembeleza. Lipa kwa hatua: msingi na jamvi (zege la sakafu ya chini), kuta hadi linta, paa, kisha lipu na sakafu. Kila hatua ikaguliwe ndipo ilipwe. Bakisha kama asilimia 10 mpaka nyumba ipitiwe na mvua, na hilo liandikwe tangu mwanzo ili asije kusema umemdhulumu.

Vifaa nunua mwenyewe kupitia kaka yako, risiti abaki nazo. Saruji ipangwe juu ya mbao ndani ya banda, isilale chini. Mfuko ulioganda madonge usitumike kwenye nguzo. Na kabla zege halijamwagwa, mwambie kaka apige video ya nondo zilivyofungwa, futi ya kupimia ikiwa imewekwa hapo hapo, unene na nafasi za ringi (vyuma vyembamba vinavyozungushwa kwenye nondo) zionekane. Zege likishamwagwa hakuna tena wa kukuonyesha kilichomo ndani.

Mkataba uwe wa maandishi: kazi gani, bei gani, siku ya kuanza na ya kumaliza, nani analipia maji. Wekeni saini mbele ya sheha (kiongozi wa mtaa) na mashahidi.

Shemeji yangu ni fundi. Mume wangu anasema tukimpa mtu mwingine ni aibu. (Wete)

Hapa tunaumizana kwa kuoneana muhali. Shemeji akikosea utanyamaza, na akichelewa utanyamaza. Kama kazi yake nzuri, mpeni, lakini kwa mkataba ule ule wa mtu baki. Akiukataa, mpeni kazi ndogo, tuseme ukuta wa uwani, na nyumba apewe mwingine. Mume wako ndiye amwambie, si wewe.

Nyumba ya bibi Mji Mkongwe inamwaga vumbi la chokaa. Fundi anataka kubandua yote apige lipu ya saruji. (Mjukuu)

Mzuie leo. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinavuta unyevu na kuutoa. Ukizifunika kwa saruji, maji hubaki ndani, chumvi husukuma rangi, na ncha za boriti zilizoingia ukutani huoza polepole bila mtu kujua. Mtafute fundi wa chokaa, umuulize chokaa yake huilowesha muda gani kabla ya kuitumia. Anayeijua kazi atakujibu bila kufikiri. Na mji ule uko kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, kwa hiyo anza kwa kibali cha mamlaka ya hifadhi.

Fundi anasema mchanga wa ufukweni ni sawa, na unapatikana rahisi. (Makunduchi)

Si sawa. Chumvi hula nondo, nondo ikishika kutu huvimba na kupasua zege. Tena kuuchota kumekatazwa. Hata mchanga wa shimo upime: tia kwenye chupa ya kioo, jaza maji, tikisa, iache ilale. Tope likitanda nene juu ya mchanga, rudisha gari.

Nataka kuongeza ghorofa. Fundi anasema kibali si lazima. (Chake Chake)

Anasema hivyo kwa sababu amri ya kubomoa haitamfikia yeye. Msingi uliojengewa nyumba ya chini hauongezewi mzigo kwa kukisia. Muite injinia aliyesajiliwa aukague, achore, uende na mchoro wake kuomba kibali. Fundi asubiri.