Binti ameteuliwa na akina mama wa DAR, twende au tusiende? Jibu la mtu aliyekaa nao

Mleta uzi, hongera kwa binti. Umeuliza mambo matatu: hawa akina mama wa DAR (chama cha huku Marekani, si Dar es Salaam) waliomteua binti yako wa mwaka wa mwisho sekondari kupokea tuzo yao ni watu gani, mkutano wao una nini ndani, na kama kweli ni "chama cha wazungu" kama baba watoto anavyosema. Halafu kuna dada hapo juu kauliza lake: mume wake ni Mmarekani mweusi, je, mabinti zake wanaweza kuingia?

Mimi si mwanachama na siwezi kuwa, kwa sababu uanachama wao unafuata damu na wazee wangu hawakuwepo huku Marekani. Ila mama mkwe wangu ni mwanachama, binti yangu kaingia kupitia kwake, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka mama kwenye mikutano na kumbebea mafaili. Kwa hiyo nimeyaona kwa karibu. Nitaandika kwa urefu, maana majibu mengi juu yametaja pini na kofia na kuacha kitu chenyewe.

Kwa kifupi kabisa: nendeni.

DAR ni Daughters of the American Revolution, yaani Mabinti wa Mapinduzi ya Marekani. Kilianzishwa Washington Oktoba 1890, baada ya chama cha wanaume cha aina hiyo hiyo kukataa kupokea wanawake. Anaingia mwanamke yeyote kuanzia miaka 18 anayeweza kuthibitisha kwamba ametoka moja kwa moja kwenye tumbo au mgongo wa mtu aliyesaidia uhuru wa Marekani katika vita ya 1775 hadi 1783. Na si lazima huyo babu awe alishika bunduki. Aliyetoa ng'ombe au nafaka kulisha jeshi, aliyekula kiapo cha utii kwa upande wa uhuru, aliyeshika kazi ya umma chini ya serikali mpya, wote wanahesabika, na wanawake wamo pia. Hapa ndipo watu wengi wanakata tamaa bure: wanatafuta askari, wakati bibi yao aliuza mahindi kwa jeshi na risiti ipo.

Mkutano wenyewe usiwatishe. Unafunguliwa kwa sala na kiapo kwa bendera, zinasomwa ripoti fupi fupi, kisha anakaribishwa mzungumzaji au wanaitwa vijana wa tuzo. Mwenyekiti wa tawi wanamwita rijenti. Mtaona akina mama wamevaa utepe uliojaa pini kifuani; kila pini ina maana yake, nyingine ni za mababu waliothibitishwa, nyingine za vyeo na huduma. Binti ataitwa jina, atapewa cheti na pini, mtapiga picha. Tuzo hiyo ipo tangu 1934 na inaangalia sifa nne: kutegemewa, kutoa huduma, uongozi na uzalendo. Kuwa raia wa Marekani si sharti, kwa hiyo msiogope habari ya makaratasi. Kama kuna insha ya kushindania fedha za masomo, ni ya hiari, lakini mimi ningemshauri aandike. Mwambie pia aandae maneno machache ya shukrani, kwa sababu huwa wanawapa nafasi ya kusema, na wazee wale wanasikiliza kwa makini sana.

Kuna wengine humu mmeshakutana nao bila kujua. Siku ya kula kiapo cha uraia, wale akina mama wanaosimama mlangoni wakigawa bendera ndogo na kuwapa watu mkono wa pongezi, mara nyingi ni wa tawi la jirani. Tangu 1921 chama kimekuwa kikichapisha kitabu cha mwongozo kwa ajili ya wahamiaji wanaojiandaa kuwa raia. Tawi la mama mkwe halikosi sherehe hizo. Nimemwona mama yule, magoti yanamuuma, amesimama hadi mtu wa mwisho ametoka na karatasi yake.

Shughuli nyingine za mwaka zinajirudia. Kuanzia tarehe 17 hadi 23 Septemba ni Wiki ya Katiba. Chama ndicho kilichoiomba kwa Bunge, na Rais Eisenhower akaisaini kuwa sheria mwaka 1956. Basi tawi linapamba maktaba ya mtaa, linaomba meya atoe tamko, kengele zinapigwa. Kuna insha za historia kwa watoto wa darasa la 5 hadi la 8. Kuna kuwatembelea maveterani, na Desemba kuweka mashada makaburini. Sitakaa sana hapo, mtayaona wenyewe kwenye ukuta wa picha.

Makaburi, hapo nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoanza kuwaheshimu. Tawi likishathibitisha kwamba mtu fulani alihudumu na kaburi lake linajulikana, linaweza kuweka alama ya chuma yenye jina lake na huduma yake. Lakini kabla ya sherehe kuna kazi ya mikono: kufyeka, kusoma jiwe lililofifia, kulisafisha. Na kusafisha kuna adabu yake. Ni maji safi, brashi laini, na dawa maalumu ya kuua ukungu. Jiki haigusi jiwe, brashi ya waya haigusi jiwe, kwa sababu vinakula uso wake, na maandishi yakishakwenda hayarudi. Kwa mtu anayetafuta ukoo, lile jiwe laweza kuwa ndiyo hati pekee iliyobaki. Nimeona mama wa miaka themanini na kitu amepiga magoti kwenye majani, anamwelekeza kijana namna ya kupitisha brashi kutoka chini kwenda juu ili maji machafu yasiache michirizi. Kaburi si la babu yake. Ni la mtu ambaye hana mjukuu aliyebaki mjini pale.

Sasa nije kwa baba watoto, maana hofu yake ina msingi na si haki kumpuuza. Mwaka 1939 chama hiki kilimnyima Marian Anderson, mwimbaji mweusi mwenye sauti ya ajabu, nafasi ya kuimba kwenye ukumbi wao wa Constitution Hall pale Washington. Ukumbi ulikuwa na sharti la wasanii wazungu tu. Eleanor Roosevelt, mke wa rais, akajiuzulu uanachama kwa sababu hiyo, na Anderson akaimba kwenye ngazi za mnara wa Lincoln, Jumapili ya Pasaka tarehe 9 Aprili, mbele ya watu kama 75,000. Mwanachama mweusi wa kwanza anayejulikana, Karen Batchelor wa Michigan, aliingia mwaka 1977, miaka 87 baada ya chama kuanzishwa. Lena Santos Ferguson wa Washington alikuwa na ukoo uliothibitika na bado alizungushwa kwa miaka, hadi kesi yake ilipoanikwa magazetini mwaka 1984. Makubaliano yaliyofuata yalikilazimu chama kupiga marufuku ubaguzi kwenye kanuni zake na kufanya utafiti wa weusi waliopigana vita ile. Utafiti huo ulizaa kitabu, Forgotten Patriots, toleo la 2008 lina majina zaidi ya 6,600 ya Waafrika na Wahindi Wekundu waliohudumu.

Mama mkwe wangu, mwanamke mweusi aliyezaliwa wakati vyoo bado vinatenganishwa, anayajua haya yote kuliko mimi. Nilimuuliza kwa nini basi akataka kuingia. Akaniambia: "Babu yangu alikuwa kwenye vita yao. Siwezi kuacha waisimulie bila yeye." Sijapata jibu bora kuliko hilo. Na tawi lake? Wengi ni wazungu, ndiyo. Wapo waliompokea kwa mikono miwili, na wapo wachache waliochukua muda. Msajili wa tawi, mama mmoja mzungu mkimya, alifanya kazi ya ukoo wetu usiku na mchana kana kwamba ni wa kwake.

Na hapo ndipo nilipotaka kufika. Roho ya tawi lolote la DAR iko kwa msajili. Kila kizazi kati ya mwombaji na yule babu wa vitani lazima kiunganishwe kwa karatasi: huyu kazaliwa na huyu, huyu kaolewa na huyu, huyu kafa lini na wapi. Mama alisema, bibi alisimulia, hiyo ni njia ya kuanzia kutafuta, si ushahidi. Kipimo cha DNA peke yake hakitoshi. Mti wa ukoo uliochorwa na mtu mtandaoni hautoshi. Nilipenda ukali huo, kwa sababu unamlinda kila mtu. Aliyetajwa ametajwa kweli.

Kwa familia nyeusi, ukali huo unagonga ukuta, na dada uliyeuliza inabidi uujue ukuta huo mapema. Sensa ya Marekani kabla ya 1850 iliandika jina la mkuu wa kaya tu, wengine ni tarakimu. Mwaka 1850 na 1860 watu huru wote wakaandikwa majina, lakini watumwa wakawekwa kwenye daftari tofauti chini ya jina la aliyewamiliki: umri, jinsia, rangi, basi, majina karibu yote hayapo. Kwa wengi waliokuwa utumwani, sensa ya kwanza kuwaita kwa jina ni ya 1870. Tena uhusiano wa watu wa nyumba moja, nani mke na nani mtoto, sensa haikuuandika hadi 1880. Na ile ya 1890 karibu yote iliharibika kwa moto wa 1921. Ukitoka 1880 unaruka hadi 1900, na katikati hapo bibi ameshaolewa na kubadili jina.

Sisi ukuta wetu ulipasuka kwa sababu yule babu wa mama mkwe, wa jimbo la Virginia, alikuwa mweusi huru. Virginia kuanzia 1793 iliwalazimu weusi huru kujiandikisha kwa karani, na madaftari yale yanaeleza mtu hadi kovu: urefu, rangi, alama usoni, alizaliwa huru au aliachwa huru na nani. Sheria ile iliwekwa ili kuwabana. Leo ndiyo inayowatambulisha kwa vitukuu wao. Msajili alipotuonyesha ukurasa wenye maelezo ya binti wa mzee yule, mama mkwe alinyoosha kidole hewani akafuata mistari bila kugusa karatasi.

Kisha likaja faili la pensheni. Sheria ya 1818 iliwapa pensheni askari wa vita ile waliokuwa maskini, na mwaka 1820 wakatakiwa kwenda mahakamani kuapa kila walicho nacho. Kwa hiyo ndani ya faili kuna orodha ya mali: ng'ombe mmoja, sufuria ya chuma, jembe, deni. Na chini ya mali, watu wa nyumbani kwake, mke na watoto pamoja na umri wao. Mzee hajui kusoma, ameweka alama ya msalaba. Umaskini wake ndio ulioacha karatasi, na karatasi hiyo ikaunganisha vizazi viwili ambavyo hakuna cheti cha kuzaliwa kingeweza kuviunganisha. Nilikaa na lile faili muda mrefu, na mzee si ndugu yangu kwa damu. Ni ndugu wa watoto wangu.

Dada, kwa hiyo fanya hivi. Anza na wazee walio hai kwa upande wa mume, kaa nao na daftari, uliza majina ya kuzaliwa ya wanawake, kaunti waliyotoka, kanisa, makaburi wanakozikia. Kusanya vyeti vya vizazi vitatu vya karibu kwanza, maana hivyo vinapatikana ofisi za serikali na hakuna njia ya kuvikwepa. Rudi nyuma sensa moja baada ya nyingine, usiruke. Ukifika 1870, angalia kama familia ilikuwa huru kabla ya vita ya wenyewe kwa wenyewe. Kama imo kwenye sensa ya 1850 kwa majina, tafuta madaftari ya weusi huru ya kaunti hiyo. Kama walikuwa utumwani, nenda kwenye kumbukumbu za Freedmen's Bureau, ofisi ya serikali iliyowahudumia walioachwa huru, za 1865 hadi 1872, mikataba ya kazi na ndoa zimo humo, kisha mirathi na wosia za mwenye shamba, kwa sababu watu waliandikwa humo pamoja na farasi na vitanda. Inauma kusoma. Usisome peke yako usiku. Na angalia mtambo wa utafutaji wa DAR mtandaoni, ni bure kwa yeyote. Ukikuta babu huyo ameshathibitishwa na mtu mwingine, unaunganisha vizazi vyako tu. Sio lazima upate tawi ndipo uanze, ila msajili wa tawi la karibu ukimwandikia kwa adabu, wengi wanasaidia hata kabla hujajaza fomu.

Mleta uzi, mkifika mkutanoni mwambie binti aulize nani ni msajili, aende kumsalimia. Na baba watoto aje pia. Amuulize msajili kuhusu 1939 kama anataka, tawi zuri halikimbii swali hilo.

Mwenye jina la babu na kaunti lakini amekwama, aniandikie pembeni, nitamwonyesha pa kutazama.