Siku ya Kuhama Mji: Majibu kwa Wanaosafiri Kusini-Mashariki mwa Asia

Barua zilizofika safari hii karibu zote zinahusu siku ile ambayo mtu anafunga sanduku asubuhi katika mji mmoja na usiku analala mji mwingine. Wengi hupanga mahekalu, fukwe na masoko kwa makini, halafu siku ya kuhama wanaipa nusu mstari kwenye ratiba. Rai yangu ni moja na mtaiona katika majibu yote: siku ya kuhama ni ya kuhama tu. Usiitwishe kazi nyingine.

"Tuko wanne, tuna siku kumi. Tumepanga Bangkok, Chiang Mai, Siem Reap, Hanoi na Ho Chi Minh. Ndege zote ni za saa moja au mbili tu. Ratiba imekaa sawa?" (Arusha)

Imebana mno. Saa moja ya angani si saa moja ya safari. Chukueni Bangkok kwenda Chiang Mai: angani ni kama saa moja na robo, lakini mtaondoka hotelini saa tatu au nne kabla kwa sababu ya foleni za Bangkok, mtapanga mstari kukabidhi mizigo, mtakaguliwa, mtasubiri, na mkishatua mtasubiri tena masanduku na gari la kuingia mjini. Nusu siku imekwenda, na iliyobaki mna uchovu.

Kuna na mengine ambayo ramani haioneshi. Bangkok ina viwanja viwili vya ndege, Suvarnabhumi na Don Mueang, na viko pande tofauti za jiji. Ndege za kutoka Nairobi na Addis Ababa hutua Suvarnabhumi, ilhali nyingi za bei nafuu za ndani huondokea Don Mueang. Siem Reap ya Kambodia nayo ilihamisha uwanja wake Oktoba 2023. Ule wa zamani ulikuwa pembeni tu ya mji, huu mpya uko zaidi ya kilomita 40. Wapo wanaowaza kwenda huko kutoka Bangkok kwa basi kupitia mji wa mpakani wa Poipet. Mapigano ya Thailand na Kambodia ya Julai 2025 yaliifunga mipaka ya nchi kavu, kwa hiyo msijenge ratiba juu ya barabara ile.

Ningekuwa ninyi ningebaki na miji mitatu, Bangkok, Chiang Mai na Hanoi, na ningekata tiketi ya kuingilia Bangkok na kutokea Hanoi. Hapo hamrudi nyuma hata hatua moja.

"Nasikia treni ya usiku Bangkok hadi Chiang Mai ni nzuri. Inalalika kweli? Nitakuwa peke yangu, mwanamke." (Kisumu)

Inalalika, dada, na kwangu mimi hiyo ndiyo njia bora ya kuhama mji katika eneo lile lote. Ni kilomita 751. Treni namba 9 huondoka 18:40, yaani saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, na kufika baada ya saa moja asubuhi ikiwa haikuchelewa. Kuchelewa kidogo ni kawaida, hivyo usiweke miadi ya asubuhi.

Kwanza, kituo. Tangu Januari 2023 treni za masafa marefu za kaskazini huondokea Krung Thep Aphiwat, mtaa wa Bang Sue. Hua Lamphong, kituo cha zamani katikati ya jiji, bado kipo na bado watu wanapelekwa huko na vitabu vilivyopitwa na wakati. Mwambie dereva Bang Sue, au panda treni ya chini ya ardhi ushukie hapo hapo.

Daraja la pili lenye kiyoyozi ndilo analochukua kila mtu. Unaingia unakuta viti viwili vinatazamana. Baada ya muda mhudumu wa behewa anapita kiti baada ya kiti: anavuta viti vya chini vinakutana na kuwa kitanda, anateremsha kitanda cha juu kutoka ukutani, anatandika godoro jembamba, anachana mfuko wa plastiki na kutoa shuka safi, blanketi na mto, kisha anatundika pazia. Kila kitanda kinamchukua dakika chache tu, mikono yake haikosei. Kitanda cha chini ni kipana zaidi na kina dirisha, ndiyo maana nauli yake iko juu kidogo. Cha juu ni chembamba na taa iko karibu na uso. Lipia cha chini.

Wewe unayesafiri peke yako ulizia behewa la wanawake na watoto wakati wa kukata tiketi. Baadhi ya treni za usiku za Thailand zinalo. Lisipokuwepo, usihofu. Behewa lote liko wazi, mapazia tu ndiyo yanayotenganisha, na mhudumu yumo usiku kucha. Pochi na pasipoti zikae ndani ya foronya.

Kiyoyozi chao ni kikali. Beba sweta na kitenge kizito, soksi usizisahau. Pombe hairuhusiwi kwenye treni. Alfajiri amka mapema, kwa sababu saa za mwisho treni inapanda milima polepole, inapita katika handaki la Khun Tan lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, na ukitoka upande wa pili hali ya hewa ni nyingine kabisa.

"Shikamoo zako nimezipokea kwenye safu iliyopita. Mimi ni mwalimu mstaafu, binti yangu anataka tutoke Kuala Lumpur kwenda Singapore kwa basi. Goti linanisumbua. Nikubali?" (Morogoro)

Shikamoo tena, mwalimu. Kukaa ndani ya basi hakutakuumiza. Mabasi ya njia ile yana viti vipana vya kulaza, barabara ni nzuri, na safari ni saa tano hadi sita kutoka stendi kuu ya Terminal Bersepadu Selatan. Tatizo liko mpakani. Mtashuka upande wa Johor Bahru kugongewa muhuri wa kutoka, mtapanda, mtavuka daraja la kilomita moja, kisha mtashuka tena upande wa Woodlands, safari hii na mizigo yote mkononi. Kuna mwendo, kuna ngazi za umeme, na Ijumaa jioni au sikukuu kuna msongamano mkubwa wa watu. Baya zaidi, basi lina muda wake wa kusubiri. Ukichelewa linaondoka, na unapanda la kampuni hiyo litakalofuata.

Kwa goti hilo, mwalimu, pandeni ndege. Ni kama saa moja, na uwanjani mnaweza kupata kiti cha magurudumu mkiomba mapema. Binti akishikilia basi, basi iwe asubuhi ya katikati ya wiki, na apige picha namba ya basi kabla ya kushuka.

Kwa njia yoyote, jazeni kadi ya kuingia Singapore mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ni bure, tovuti inayodai pesa si ya serikali. Malaysia nayo ina ya kwake tangu 2024 na Thailand tangu Mei 2025, zote bure, kwa utaratibu ule ule wa siku tatu. Dawa zako zibaki kwenye pakiti zake pamoja na barua ya daktari, na kama una za usingizi au za maumivu makali, angalieni mapema maana nyingine zinataka kibali. Na sigara za umeme msizibebe kabisa.

"Tiketi yetu inasema tarehe 14, saa 00:20. Twende uwanjani lini?" (Mtwara)

Tarehe 13 usiku, muwe kaunta kabla ya saa nne na nusu. Mkienda tarehe 14 jioni ndege ilishaondoka usiku wa kuamkia siku hiyo.

"Tunasafiri familia ya Kiislamu. Siku ya njiani tutakula nini, na sala je?" (Unguja)

Malaysia haina shida hata kidogo. KL Sentral, stesheni kuu ya Kuala Lumpur, pana mahali pa kusalia, na vituo vya kupumzikia kwenye barabara kuu karibu vyote vina msikiti mdogo wenye sehemu ya udhu. Nembo ya halali ya JAKIM, idara ya serikali ya mambo ya Kiislamu, iko kila mahali. Thailand, maduka ya 7-Eleven yaliyo karibu na kila stendi huuza vyakula vingi vyenye alama ya halali, ila soma pakiti moja moja, kwa kuwa sandwichi ya jibini na ile ya nyama ya nguruwe zinakaa rafu moja. Vietnam ndiko mjipange. Toroli la chakula ndani ya treni mara nyingi lina nguruwe, na hata mboga zinaweza kukaangwa kwa mafuta yake. Nunueni matunda na mkate mjini, bebeni tende na mayai ya kuchemsha, mtafika mmeshiba.

Kukusanya na kupunguza sala ni ruhusa ya msafiri mnayoijua, na undani wake mtamuuliza shehe wenu. Ninachokumbusha ni kibla. Kwenu mmezoea kuelekea kaskazini. Kule Makka iko magharibi, kidogo kaskazini. Treni inapinda, kwa hiyo dira ya simu iwe tayari. Kuhusu twahara mtapumua: vyoo vya Thailand, Malaysia na Vietnam kwa kawaida vina mpira wa maji ukutani.

"Nina viza ya Thailand. Nataka niende Vietnam kwa siku tano nirudi Bangkok kupanda ndege ya nyumbani. Kuna tatizo?" (Kampala)

Hili ni swali zito kuliko yote yaliyofika. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja, unapotoka Thailand imekwisha, hata kama siku zilizoandikwa hazijaisha. Kurudi Bangkok ni kuingia upya. Omba ya kuingia zaidi ya mara moja tangu mwanzo, au panga uondokee Vietnam moja kwa moja. Watu wanazuiwa kaunta ya uwanja wa ndege kwa jambo hili, na hapo hakuna wa kuwasaidia.

Viza ya mtandaoni ya Vietnam, ambayo tangu Agosti 2023 hutolewa kwa raia wa nchi zote na hufika siku 90, itakuuliza utaingilia wapi. Ingia hapo hapo ulipopataja. Ukiandika Tan Son Nhat, uwanja wa ndege wa Ho Chi Minh, halafu ukaamua kuja kwa basi kutoka Phnom Penh kupitia mpaka wa Moc Bai, umejitafutia balaa.

Na kadi ya homa ya manjano iwe kwenye begi la mkononi, pamoja na pasipoti. Thailand huidai kwa wasafiri wanaotoka nchi zetu. Chanjo iwe imetimiza siku 10 kabla ya safari. Ukishachanja, cheti ni cha maisha.

"Hue kwenda Hoi An: treni au gari?" (Mombasa)

Treni hadi Da Nang, kisha gari. Hoi An haina stesheni. Hue hadi Da Nang ni kama kilomita 100, saa mbili na nusu hadi tatu, na reli inaizunguka milima ya Hai Van juu kabisa ya bahari. Kaa upande wa kushoto ukielekea kusini. Mawimbi yanapiga miamba chini ya dirisha, fukwe hazina hata nyayo, na treni inakwenda taratibu kiasi cha kuona vizuri. Gari huingia kwenye handaki la zaidi ya kilomita sita, ukafika mapema bila kuona kitu. Toka stesheni ya Da Nang ita gari kwa Grab, programu ya simu ya kuitia teksi, kama kilomita 30 zilizobaki. Jisajili Grab ungali nyumbani, ili namba ya uthibitisho ije kwenye laini yako ya Kenya.

Oktoba na Novemba ni miezi ya mafuriko sehemu ile, hata kama Bangkok kumekauka. Treni husimamishwa. Miezi hiyo acha usiku mmoja wa akiba kabla ya ndege yoyote kubwa.

"Mizigo kiasi gani?" (Bujumbura)

Mashirika mengi ya bei nafuu hutoa kilo 7 za mkononi, begi kubwa na dogo pamoja, na wanapima mlangoni. Lipia mzigo wa ziada wakati wa kukata tiketi; uwanjani bei hupanda sana. Pawabenki haikai kwenye mzigo wa kupakia, na tangu 2025 mashirika kadhaa, Thai Airways na Singapore Airlines yakiwemo, yamekataza kuitumia angani. Chaji simu kabla.

"Nimepanda SGR Dar hadi Dodoma nikaipenda. Je, ile ya kasi ya Jakarta kwenda Bandung inafaa?" (Dodoma)

Inafaa sana. Whoosh ilianza kubeba abiria 2023, ni kilomita 142, inafika kilomita 350 kwa saa, na kioo cha ndani ya behewa kinakuonesha kasi inavyopanda. Ila huondokea Halim, mashariki mwa Jakarta, na msongamano wa kufika Halim unaweza kuizidi safari yenyewe. Toka mapema. Na ukiwa unakwenda Bandung mjini shuka Padalarang, ambako kuna treni ya kuunganisha iliyo ndani ya nauli yako. Ukipitiliza hadi Tegalluar, kituo cha mwisho, utatafuta gari la kurudi.